Mbwa Mkubwa Aanzie Chini

Anayefuga German Shepherd au Rottweiler Nairobi, Arusha au Dar es Salaam mara nyingi alimleta nyumbani kwa ajili ya ulinzi. Mchana mbwa hushinda bandani, usiku hufunguliwa. Siku hizi baadhi ya wafugaji wameona kwenye simu zao mbwa wa Ulaya wakiruka fito, wakiingia kwenye mabomba ya kitambaa na kupenyapenya kati ya nguzo, nao wanatamani wa kwao afanye vivyo hivyo. Wanatamani jambo jema. Mbwa mwenye akili anayefungiwa kutwa nzima huishia kubweka ovyo na kutafuna milango.

Kosa liko pa kuanzia: wengi huanza na kuruka.

Mchezo huo, ajiliti, ulizaliwa London mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. John Varley, mmoja wa waandaaji, alitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko, akamwomba mkufunzi Peter Meanwell amsaidie. Wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Kwa asili yake, basi, huu ni mchezo wa kutazamwa, na kinachovutia macho ni mruko. Kazi ya miezi mingi iliyotangulia haionekani.

Mifupa ya mbwa mchanga hurefukia kwenye sehemu laini za gegedu zilizo karibu na ncha zake. Kwa mbwa wa aina kubwa, sehemu hizo huweza kuchukua mwaka na nusu kukomaa, na kwa majitu kama Great Dane hata zaidi. Kila anapotua, miguu ya mbele hubeba mzigo mkubwa, na mbwa wa kilo 45 hatui kama wa kilo 15. Ndiyo maana Kennel Club ya Uingereza hairuhusu mbwa kushindana kabla ya miezi 18. Anayemrusha mbwa wa miezi sita juu ya ndoo anacheza na nyonga na viwiko vya mnyama asiyeweza kukataa.

Lakini kungoja si kukaa bure. Ngazi ya mbao ikilazwa kwenye nyasi yatosha kwa somo la kwanza. Mbwa huongozwa kwa kipande cha nyama kilichoshikwa chini, karibu na pua, apite polepole katikati ya vipago. Miguu ya mbele itapita vizuri. Ya nyuma itagonga, itateleza, itakanyaga mbao. Mbwa mkubwa mara nyingi hajui miguu yake ya nyuma iko wapi! Baada ya muda ataanza kuinyanyua mmoja mmoja bila kuitazama, na ustadi huo ndio utakaomshikilia juu ya ubao mwembamba atakapokomaa. Wakati huohuo ajifunze kuja akiitwa, kusubiri, na kugeukia kulia au kushoto.

Uzito nao usipuuzwe. Utafiti wa Marekani uliowafuata Labrador 48 maisha yao yote, uliochapishwa mwaka 2002, uligundua kuwa waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Mbavu zisionekane sana, ila mkono uzihisi kwa urahisi.

Kwa joto la Pwani, mazoezi yawe alfajiri, na yasifanywe punde baada ya mlo: mbwa wenye kifua kirefu wamo hatarini kujisokota tumbo, hali inayoua kwa saa chache.

Akishakomaa, daktari wa mifugo ampige picha ya nyonga, ndipo fito ipandishwe kidogo kidogo. Mkufunzi anayempokea mbwa wa miezi saba na kumwekea kiunzi bila kuuliza umri wala kumpima uzito hafai kukabidhiwa mbwa huyo.