Mwenye Kosa na Alifuate Kosa Lake

Msomaji, wako wasemao kwamba mali ikishauzwa, ubovu wake ni wa mnunuzi. Neno hili ni dhuluma. Mnunuzi huona rangi ya gari. Yaliyomo ndani huyajua aliyeliunda.

Tazama yaliyotukia Marekani. Kampuni ya General Motors iliunda magari yenye swichi legevu ya kuwashia. Gari likiwa mwendoni swichi iliweza kujizungusha, injini ikazimika, na mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria isijae. Wahandisi walianza kuiona kasoro hiyo zaidi ya miaka kumi kabla ya mwaka 2014, ndipo magari yapatayo 2,600,000 yakaitwa yatengenezwe. Mfuko wa fidia wa kampuni ulikubali vifo 124. Lakini fidia haifufui maiti.

Kukosea si ajabu, maana fundi ni mwanadamu. Bali kosa lililojulikana likafichwa si kosa tena; ni hiana. Aliyeona ufa akaupaka chokaa amewachimbia kaburi watakaolala humo.

Basi wewe, utakayekuwa fundi au mfanyabiashara kesho, ukigundua ubovu katika kazi yako usingoje kushtakiwa. Utangaze, umfuate mnunuzi, utengeneze kwa gharama yako.