Kompyuta Haimfanyi Mtu Fundi

Dada uliyeniandikia, eti mchumba wako anaacha kazi akasomee grafiki na wewe unaona anachezea pesa ya harusi: hebu nisikilize mwenzio.

Kadi za harusi yangu nilizitengeneza mwenyewe, nyumbani Akheri. Digrii ya mawasiliano ninayo, kompyuta ninayo, nimlipe fundi wa nini? Kwenye skrini kijani kilikuwa kinawaka kama migomba ya Meru baada ya mvua. Zilipochapwa, kijani kimefubaa kama kisamvu cha jana! Nililia, jamani. Shemeji yenu akabaki kunibembeleza.

Kumbe skrini huchanganya mwanga, mashine huchanganya wino, na kuna rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii. Mwanafunzi wa grafiki hufundishwa hilo mapema. Mimi nilifundishwa na kadi 200.

Hata Gado, aliyejiunga na Nation ya Nairobi mwaka 1992 kuchora katuni, alirudi darasani Kanada kusomea katuni za video akiwa tayari ana jina.

Kwa hiyo dada, kaeni mpange: ada kiasi gani, miezi mingapi, kodi ya nyumba atalipa nani. Harusi inaweza kusogezwa mbele. Kadi mwachie yeye.