Hamri moja tu lina dhara gani?

Sisi watu wa Pwani tuna mapenzi ya sahani. Mtoto akilia hutiwa tonge kinywani. Mgeni akikataa kula huonekana ana kiburi. Na nyanya asiyemwekea mjukuu chochote huambiwa ni mchoyo. Desturi hiyo ni njema, wala sitaki ife. Lakini sina budi kueleza jinsi ilivyotaka kumharibu mjukuu wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mtoto huyo ana miaka 4. Tangu alipoachishwa ziwa alikuwa akihara mara kwa mara. Tumbo lilimjaa kama ngoma, miguu ikawa vijiti, na uso ukapauka kwa kupungukiwa na damu. Wengine walisema ni mchango, wengine wakasema ni jicho. Alipewa dawa ya minyoo, akasomewa, akanyweshwa kombe. Siidharau dua, lakini aombaye dua hakukatazwa kwenda hospitali.

Huko daktari alishuku maradhi yaitwayo siliaki. Ndani ya ngano na shayiri mna kitu kiitwacho gluteni; ndicho kinachofanya donge la chapati livutike. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili hukiona kitu hicho kuwa adui, na katika kupigana nacho huuharibu utumbo mwembamba unaofyonza chakula. Mtoto hula akashiba, na mwili ukabaki na njaa.

Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita. Katika njaa ya 1944 na 1945 mkate uliadimika nchini mwake, na wagonjwa wake wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Wala tusiseme haya ni maradhi ya Wazungu. Uchunguzi uliochapishwa 1999 uliwakuta nayo zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Kisahrawi, Waislamu wenzetu wa Sahara ya Magharibi.

Kosa la kwanza lilikuwa la mwanangu. Aliposikia neno ngano, aliikomesha siku ile ile, kabla ya vipimo. Daktari akamwambia airudishe. Kipimo cha damu hutafuta alama za vita vile. Ngano ikiachwa, alama hupungua, na mgonjwa aweza kuambiwa ni mzima. Basi tulimlisha wiki kadhaa huku roho zikituuma. Kisha alitolewa damu, akapitishwa mpira mwembamba kinywani hadi utumboni, vikachukuliwa vipande vidogo vya nyama kupimwa. Jawabu likawa ndiyo. Na tiba ni moja: kuiacha ngano maisha yake yote.

Kosa la pili ni langu. Mkaza mwanangu alijitahidi sana. Alitenga sufuria na kikaango, akasaga mchele nyumbani usije ukachanganyika na ngano mashineni. Mbaazi za asubuhi zilikwenda na vitumbua au mkate wa kumimina. Mchana wali na samaki, au muhogo wa nazi. Mtoto akaanza kunawiri. Ikaja Ramadhani. Magharibi moja watoto waligombea kaimati, naye ameketi na tende yake mkononi. Akaniuliza, "Nyanya, na mimi je?" Nilimwita uani nikampa mbili. Usiku alilia tumbo. Hata hivyo siku nyingine nikampa hamri, nikijisemea, moja tu lina dhara gani?

Alipopimwa tena baada ya miezi, alama zilikuwa bado ziko juu. Daktari akauliza ni nani ampaye ngano. Mwanangu alimgeukia mkewe akamkemea kwa uzembe mbele yangu, nami nikanyamaza. Asubuhi yake niliwaita wote wawili nikasema, "Ni mimi." Mkaza mwanangu hakunijibu neno. Aliniandalia chai, na hilo lilinichoma kuliko lawama.

Haba na haba hujaza kibaba, na utumbo wa mtoto hauna hesabu ya "kidogo tu". Basi nasema hivi. Mzazi asimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa, wala asidhani kila tumbo linalouma ni siliaki. Anayealika watu futari aweke sahani moja isiyo na ngano, na asiuone mzigo kuulizwa kilichomo. Maana ngano imo katika tambi, bokoboko, sambusa, hata katika unga unaovikwa viazi karai. Mwalimu wa chuo asigawe biskuti bila kuuliza. Nasi wazee tukumbuke kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuacha hata saumu. Sisi ni nani tumnyime mtoto ruhusa ya kukataa hamri? Mtoto ni amana, na amana hailindwi kwa siri za uani.

Idi iliyopita nilikaanga vitumbua vya mchele mtupu kwa mafuta mapya. Tulivila na mjukuu wangu barazani, mbele ya watu.