FUNDI ALIYE NYUMA YA DARUBINI

Tarehe 13 Julai, 2018, Afrika ya Kusini ilizindua darubini ya redio iitwayo MeerKAT katika nyika kavu ya Karoo, karibu na mji wa Carnarvon. Siku ile ilionyeshwa picha ya kitovu cha galaksi yetu. Wakasifiwa wataalamu wa nyota, na yakasifiwa madishi yenyewe, 64 kwa idadi, kila moja upana wake mita 13.5. Wote walistahili. Lakini sisi twaona kuwa yuko mmoja aliyepewa sehemu ndogo mno ya sifa zile, naye ni mhandisi wa programu.

Madishi 64 si darubini mpaka yatende kazi kama jicho moja. Hapana budi yote yaelekee mahali pamoja kwa wakati mmoja, saa zake zilingane, na upepo ukizidi yageuzwe upesi yasije yakavunjika. Wala haiwezekani kumweka mtu na redio yake ya mkononi kando ya kila dishi, maana eneo lile limelindwa kwa sheria ya mwaka 2007 ili mawimbi ya simu na mitambo mingine yasifunike sauti hafifu ya nyota. Basi waongozaji hukaa Cape Town, mamia ya kilomita kutoka hapo, na kinachowafikisha Karoo ni programu.

Programu hiyo haikununuliwa ikiwa tayari ndani ya sanduku. Wahandisi wa Afrika ya Kusini walitunga wenyewe lugha ya kuzungumzisha mitambo, wakaiita KATCP, wakaitumia kwanza katika madishi saba ya KAT-7 kabla ya kuyakabili yale 64. Kazi ya namna hii hula miaka ya mtu.

Kisha mwaka 2015 mradi mkubwa wa SKA, ambao utayaunganisha madishi ya MeerKAT na mengine kufikia 197, uliamua kutumia Tango, mfumo uliozaliwa Grenoble, Ufaransa, unaotumiwa na maabara nyingi. Wako watakaosema kwamba jasho la Karoo limemwagika bure. Sisi hatukubali. Aliyekwisha kuyatawala madishi 64 hujifunza lugha ya pili bila taabu, na akiijua, milango ya maabara za nchi nyingi iko wazi mbele yake.

Hapo ndipo penye hatari. Katika vyuo vikuu mtu hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, na programu si makala. Ikitenda kazi vizuri hakuna aiulizaye. Ikikwama usiku, yeye ndiye huamshwa. Hata Uingereza, nchi yenye vyuo vya kale, ilikuwa mwaka 2012 ndipo watu hawa walipojipa jina la wahandisi wa programu za utafiti, na 2019 ndipo walipopata chama chao rasmi. Mtu halazimiki kujitafutia jina ikiwa jina lake limo katika daftari la mishahara.

Jambo hili si la mbali nasi. Kenya ni mmoja wa washirika wanane wa Kiafrika wa mradi ule, pamoja na Ghana, ambayo mwaka 2017 ilizindua darubini huko Kuntunse kwa kuligeuza dishi la zamani la mawasiliano, la mita 32. Dishi lile lilijengwa kwa ajili ya simu. Ili lifuate nyota, ilibidi lipewe uongozi mwingine kabisa.

SKA imekusudiwa kudumu miaka hamsini. Katika muda huo kompyuta zitachakaa na kubadilishwa mara nyingi, na programu itaandikwa upya tena na tena. Mhandisi aliyeajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili, huku akitafuta kazi nyingine tangu mwezi wa kwanza, hawezi kuitunza. Twawauliza wanaopanga bajeti za utafiti katika nchi zetu: katika orodha ya vyeo vya kudumu, mtu huyu ameandikwa ukurasa gani?