Ukiyavulia Maji Nguo, Unaweza Kuzivaa Tena

Wahenga walisema: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Darasani tulifundishwa kwamba methali hii inamhimiza mtu kumaliza alichokianza, na katika masomo au kazi ya shamba ni mawaidha mema. Lakini kuna mahali inapotumiwa vibaya, nako ni juu ya jabali kando ya mto. Kijana amesimama anatazama maji chini yake, na wenzake nyuma wanampigia kelele: "Umeshavua shati, ruka!" Insha hii inapinga matumizi hayo. Nasema kwamba anayeruka majini kutoka juu kwa mara ya kwanza anahitaji jambo moja kabla ya mashauri mengine yote: ruhusa ya kuvaa nguo zake na kurudi nyumbani bila kuchekwa.

Sisi wa Gitega na Muyinga hatukai kando ya Ziwa Tanganyika kama wenzetu wa Bujumbura na Rumonge. Maji yetu ni ya mito na mabonde. Ruvubu hupita upande wa Gitega, hupokea maji ya Ruvyironza, kisha hushika njia ya Karuzi na Muyinga kabla ya kuelekea Tanzania. Tuna madaraja, tuna miamba, tuna mashimo ya udongo wa matofali mabondeni na mashimo ya wachimba dhahabu kule Butihinda, ambayo mvua ikinyesha hujaa maji. Vijana wetu huogelea na kuruka humo. Kwa hiyo swali la kama wataruka limekwisha jibiwa. Swali lililobaki ni nani atawaambia ukweli kabla hawajaruka.

Leo mwalimu wao ni simu. Wanatazama picha za vijana wa Unguja wakiruka kutoka ukuta wa Forodhani, wakipinduka hewani, watu wakishangilia. Ni kweli wanapendeza. Lakini simu haionyeshi yaliyo nyuma ya picha ile. Vijana wa Forodhani wamekulia baharini, na wanajua saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huko hufika mita 3 na zaidi. Mahali palipo na kina jioni, asubuhi pangeweza kumvunja mtu miguu. Wao wanajua, nasi tunaiga mruko tu, tukiacha elimu iliyoubeba.

Hapa kwetu maji hayapwi kila siku, lakini yana majira yake. Tazameni kalenda yetu ya masomo. Likizo kubwa huanguka wakati wa kiangazi, ambapo mito imepungua sana. Kijana anarudi kijijini na kwenda kwenye jabali lile lile alilowaona wakubwa wakirukia mwezi wa nne, lakini chini yake sasa kuna maji ya kufika kiunoni. Masika nayo yana hatari yake: maji huwa mekundu kwa udongo, yanakwenda kwa nguvu na kubeba magogo yasiyoonekana. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ajabu ni kwamba methali hii ya pili tunaijua sote, lakini juu ya jabali hakuna anayeikumbuka.

Wanaosema kwamba maji ni laini wakumbushwe hesabu ya fizikia. Ukianguka kutoka mita 3, unayafikia maji kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 ni 36, na kutoka mita 10 ni karibu 50, kasi ya pikipiki barabarani. Katika michezo ya Olimpiki jukwaa la juu lina mita 10, na dimbwi chini yake huwa na kina cha karibu mita 5, maji meupe, sakafu inayojulikana. Hata mabingwa wa dunia wanaoruka kutoka miamba ya mita 27 huingia majini kwa miguu, huku wapiga mbizi wakiwasubiri chini tayari kuwaokoa. Ikiwa bingwa hatangulizi kichwa, mwanafunzi wa Muyinga anakitangulizia nini?

Basi mashauri yenyewe ni haya. Asiyejua kuogelea asiruke, hata kama kuna rafiki wa kumdaka. Kwanza aweze kuelea bila kushika kitu, na kuogelea mara kadhaa kutoka pale atakapoangukia hadi ukingoni. Atafute njia ya kutokea kabla ya njia ya kuingilia, maana jabali zuri la kurukia mara nyingi halina pa kupandia. Kina kipimwe siku hiyo hiyo: afunge jiwe kwenye kamba alishushe, apime sehemu nyingi, si moja, kisha muogeleaji hodari aingie polepole na kutafuta kwa miguu kama kuna jiwe au kisiki. Anayeanza aanzie kimo kisichozidi urefu wake mwenyewe, na maji yawe na kina cha mara mbili ya urefu huo. Atangulize miguu, miguu ibane pamoja, mwili uwe wima, mikono ikae karibu na kiwiliwili. Mmoja aruke, atoke, ndipo afuate mwingine. Aliyekunywa Primus au pombe ya ndizi akae ukingoni alinde nguo. Na kuhusu sehemu za Ruvubu zenye mamba na viboko, ndani ya Mbuga ya Taifa na kandokando yake, shauri ni moja: usiingie kabisa.

Najua nitapingwa kutoka pande mbili. Wazazi na baadhi ya walimu watasema: ukiwafundisha vijana kuruka, unawachochea. Wao wametosheka na katazo. Lakini katazo halijawahi kupima kina cha mto. Linachofanya ni kuwafanya vijana waende kwa siri, mbali na watu, bila mkubwa wa kuwaona na bila kamba. Aliyekatazwa bila kuelezwa sababu hujifunza kujificha, hajifunzi kuogopa jiwe lililo chini ya maji.

Upande wa pili ni wenzetu wanaosema: baba zetu waliruka mtoni bila kufundishwa na mtu, na wako hai. Kweli, walio hai wako hai. Aliyezama hayupo barazani kutoa maoni yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi hizo ndizo zetu.

Kuna jambo lingine linalonyamaziwa, nalo ni uokoaji. Mwenzako akizama, ushujaa wa kumrukia huku hujui kuokoa huongeza msiba wa pili, kwa sababu mfa maji hushika chochote, nawe utakuwa chochote hicho. Mrushie kamba, mnyooshee tawi, mtupie bidoni tupu la njano lililofungwa kifuniko, ambalo kila nyumba inalo. Na aliyegonga kichwa chini asikunjwe wala kupakiwa kwenye pikipiki. Kichwa, shingo na mgongo vishikwe katika mstari mmoja, akiwa bado majini uso wake ukiwa juu, kisha alazwe kwenye ubao mpana. Mfupa wa shingo uliovunjika unaweza kuacha mtu hai. Wanaomwinua kwa haraka ndio wanaoweza kumpoozesha.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Kwetu tarehe hiyo ipo katikati ya kiangazi, wakati mito iko chini na vijana wako likizo. Naomba walimu wa michezo wa Gitega na Muyinga watumie wiki za mwisho wa mwaka wa masomo kufundisha kuelea, kupima kina na kurusha kamba. Hayo hayahitaji dimbwi la kifahari. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi yetu, kwa kuwa maneno ndiyo yanayomsukuma kijana kutoka juu ya jabali. Tuliowafundisha wadogo zetu methali moja tuwafundishe na ya pili. Na siku mmoja wao atakapoyatazama maji, akasita, akaokota shati lake, tumwambie kwa sauti ile ile tuliyozoea kushangilia warukao: umefanya vema, twende nyumbani.