PICHA YA KOPO ISIBANDIKWE DUKANI KWETU

Ndugu wanaushirika,

Mkutano wetu ujao una jambo zito. Wakala mmoja wa mjini anataka duka letu lipokee makopo ya maziwa ya watoto wachanga, na tubandike ukutani picha yake ya mtoto mnene anayecheka. Tukibandika, atatupunguzia bei. Wapo wenzetu wanaosema faida ni faida, tuchukue. Sisi tunasema hapana, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, mchezo huu si mgeni duniani. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni kubwa za maziwa ya unga zilitafuta wanunuzi kwa nguvu Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Ziliwavika wanawake nguo nyeupe kama za wauguzi, wakaingia hospitali na majumbani kugawa kopo la bure. Mama akiona nguo nyeupe anaamini. Kumbe yule si muuguzi, ni muuzaji!

Ujanja wenyewe uko hapa. Titi hutoa maziwa kwa sababu mtoto ananyonya. Asiponyonya, maziwa hupungua, mwisho hukauka. Kopo la bure likiisha, na titi nalo limekwisha kauka. Hapo mama hana hiari tena, lazima anunue. Na kwa kuwa kopo ni ghali, anatia kijiko kimoja mahali pa vitatu. Maji ni ya kisimani, kuni haba, chupa haikuchemshwa. Mtoto anaharisha, anakonda, anakufa njaa na chupa iko mdomoni.

Pili, waliosema ukweli walishtakiwa. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu juu ya vifo hivyo. Vijana wa Uswisi wakakitafsiri, wakakipa jina la kusema Nestlé inaua watoto. Kampuni ikawapeleka mahakamani mjini Bern. Mwaka 1976 hakimu aliwatoza faini ya faranga 300 kila mmoja kwa jina lile, lakini akaiambia na kampuni ifikiri upya namna yake ya kutangaza biashara. Mwaka 1977 wananchi wa Marekani wakaanza kugomea bidhaa zake. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha Kanuni: kuuza si marufuku, ila matangazo na makopo ya bure kwa mama ni marufuku. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikuegemea upande, 1 ikakataa. Hiyo moja ilikuwa serikali ya Marekani. Wananchi wake wanagoma, serikali yao inalinda kampuni. Hebu fikirini hapo.

Tanzania iliiweka Kanuni hiyo katika sheria zake mwaka 1994. Basi picha ile ukutani si faida tu, ni kuvunja sheria.

Tatu, tujiulize faida ni ya nani. Ushirika uliundwa ili jasho la mkulima lisiliwe na mwingine. Leo fedha ya mavuno itoke mfukoni mwa mwanachama, ikanunue kitu ambacho mkewe anacho bure? Mtoto akinyonya kwa mama yake ni haki yake. Kampuni ikimnyonya mama, huo ndio unyonyaji.

Wapo watakaouliza: na mtoto aliyefiwa na mama? Swali zuri. Kwa mtoto huyo kopo ni kama dawa, na dawa huelekezwa na mganga wa zahanati, haitangazwi kwa picha. Wengine wanasema mama analima, hana nafasi ya kunyonyesha. Akina baba, hilo ni letu. Chukueni jembe lake miezi ile, msimpe kopo.

Wataalamu wa afya wanasema maziwa ya mama peke yake miezi 6, hata maji hapana. Baadaye uji na vyakula vingine, huku ananyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Na sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, tusome maandishi ya kopo. Kanuni inataka liandikwe kwamba maziwa ya mama ni bora. Picha humshika kila mtu, lakini ukweli uko kwenye maandishi.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano uamue:
1. Picha isibandikwe dukani wala zahanati.
2. Kopo la bure lisipokewe na mtu yeyote.
3. Duka liuze kopo kwa mtoto mwenye maelekezo ya zahanati tu.

Njooni wote, akina mama mkae mbele. Duka ni letu, ukuta ni wetu, na watoto ni wetu.

Katibu wa Chama, Kijijini