Chama Kinapotoa Taarifa ya Bunge, Tuulize Nini?



Bunge la 12 la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilivunjwa tarehe 3 Agosti 2025, na Uchaguzi Mkuu ulipangwa kufanyika tarehe 29 Oktoba mwaka huo. Mwishoni mwa Mei, Mkutano Mkuu Maalumu wa Chama Cha Mapinduzi uliofanyika Dodoma ulipokea taarifa ya utekelezaji wa Ilani ya mwaka 2020 na kuzindua Ilani mpya ya mwaka 2025 hadi 2030. Taarifa hiyo ilishuka hadi kwetu, Katoro na Kahama, Nyarugusu na Mwadui, ikibebwa na wale waliokuwa wabunge wetu na wale wanaotaka kuwa wabunge wetu.

Tarehe 11 Agosti, siku nane tu baada ya Bunge kuvunjwa, mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyandolwa, katika wilaya ya Shinyanga, uliporomoka na watu 25 wakafukiwa chini. Wako waliookolewa, na wako waliotolewa wakiwa wamekwisha kufa. Familia zilikesha juu ya ardhi zikisubiri habari kutoka chini ya ardhi.

Hatuyaweki mambo haya mawili pamoja ili kukitwika chama chochote lawama ya maporomoko. Tunayaweka pamoja kwa sababu taarifa ya Bunge inayosomwa kwa watu wa machimbo ni lazima ipimwe kwa maisha ya watu wa machimbo. Hicho ndicho kipimo chetu katika makala haya.

Yaliyo mema tuyakiri

Haki inatudai tuanze kwa kukiri yaliyofanyika. Kwa mujibu wa Serikali, mchango wa sekta ya madini katika pato la taifa ulifikia asilimia 10.1 mwaka 2024. Katika kipindi cha Bunge hili, mrabaha wa dhahabu inayouzwa kwenye viwanda vya kusafishia vya hapa nchini ulipunguzwa kutoka asilimia 6 hadi 4, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka sharti kwamba sehemu ya dhahabu, isiyopungua asilimia 20, itengwe kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini. Hayo si maneno matupu kwa mtu anayeuza dhahabu yake Geita au Mwanza.

Hata kabla ya hapo tumewahi kuona sheria ikishuka kutoka Dodoma hadi kwenye duara. Mwaka 2019, Bunge lilipowaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na soko la dhahabu likafunguliwa Geita mwezi Machi mwaka huo, mchimbaji aliyekuwa akiuza kwa kificho alipata mahali pa kuuza mchana kweupe. Asemaye kwamba Bunge halina maana kwa maskini hajaitazama vizuri historia ya ukanda wetu.

Taarifa bila mwulizaji

Hata hivyo, taarifa na hesabu ni vitu viwili. Mtoa taarifa huchagua la kusema. Mtoa hesabu hujibu alichoulizwa. Katika mfano wa msimamizi ambao Bwana wetu aliwapa wanafunzi wake, tajiri hakumwita msimamizi ili asimulie mafanikio yake. Alimwita afungue vitabu. Wahenga wetu nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Katiba yetu, katika ibara ya 63, inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kazi hiyo ya kusimamia hudai mtu wa kuuliza. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2020, wabunge wa upinzani waliochaguliwa majimboni walihesabika kwa vidole. Tena Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 71, inamnyima ubunge mtu anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Hivyo mbunge anayetaka kuihoji Serikali ya chama chake hulazimika kupima kwanza usalama wa kiti chake.

Matunda ya hali hiyo tuliyaona tarehe 10 Juni 2023, Bunge liliporidhia mkataba wa bandari na Dubai baada ya umma kupewa siku chache mno za kutoa maoni. Mwezi Agosti mwaka huohuo Maaskofu wetu, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, walilazimika kutoa tamko kwamba sauti ya wananchi juu ya mkataba huo haikusikilizwa. Mchungaji hulazimika kusema hivyo pale ambapo mwakilishi amenyamaza.

Ukanda wetu una mfano wa hali iliyo kinyume. Mwaka 2007, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa CHADEMA, alihoji bungeni mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama, uliosainiwa London. Alisimamishwa asihudhurie vikao. Lakini swali halikusimamishwa. Mwezi Novemba mwaka huo Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto mwenyewe akawa mjumbe. Mwaka 2008 taasisi za dini, yaani TEC, CCT na BAKWATA, zilitoa utafiti wao juu ya namna taifa lilivyokuwa likikosa faida ya dhahabu yake. Mwaka 2010 Bunge, ambalo wengi wake walikuwa wa CCM, lilipitisha Sheria mpya ya Madini iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Swali la upande mmoja lilizaa sheria ya pande zote, na chama tawala chenyewe kilifaidika kwa kuwa aliyeuliza alikuwepo.

Mwaka 2025 hali ilikuwa nzito zaidi. Mwezi Aprili, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilieleza kwamba CHADEMA, kwa kutosaini kanuni za maadili, haitashiriki uchaguzi, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, aliwekwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Kanisa haliwi wakili wa chama chochote. Lakini hatuwezi kujifanya hatuoni kwamba mwulizaji akikosekana bungeni, mzigo wa kuuliza unamwangukia mwananchi mwenyewe.

Maswali matatu ya mtu wa machimbo

Basi tuulize, kwa heshima na bila woga.

La kwanza ni fedha. Sheria inaziwezesha halmashauri zetu kutoza ushuru wa huduma kutokana na mapato ghafi ya makampuni. Tena, tangu marekebisho ya mwaka 2017, mwenye mgodi anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii uliokubaliwa na halmashauri. Kijiji chetu kimepata nini katika miaka hii mitano? Nani aliamua kijengwe kituo cha afya badala ya kisima, na nani alikagua gharama zake?

La pili ni uhai. Mwaka 2015 huko Nyangarata, Kahama, watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na nchi nzima ikamshukuru Mungu. Januari 2024, huko Ng'alita katika mkoa jirani wa Simiyu, watu 22 walifukiwa wakafa. Sasa Nyandolwa. Mbunge wetu aliuliza nini juu ya ukaguzi wa maduara, juu ya matimba na vifaa vya uokoaji? Je, kila msiba ulifuatwa na badiliko lolote, au ulifuatwa na rambirambi tu?

La tatu ni ardhi na maji. Tarehe 7 Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipasuka na tope likafunika mashamba na makazi ya watu. Zebaki ingali ikitumika kuchenjulia dhahabu kando ya vijito vyetu. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si', alifundisha kwamba wenyeji wa mahali wana nafasi ya pekee katika kuamua juu ya miradi inayogusa mazingira yao. Wenyeji wetu waliitwa lini waamue?

Wajibu wetu

Maswali haya ni ya wagombea wote, wa chama tawala na wa vyama vingine. Upinzani nao unadaiwa hesabu: miaka ya nyuma wabunge wake walisusia vikao mara nyingi, na kiti kilicho wazi hakiulizi.

Sisi wenyewe pia tunadaiwa. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Ni wangapi kati yetu tunaohudhuria? Ni rahisi kulalamika juu ya Dodoma huku tukimwachia mtendaji wa kijiji vitabu ambavyo hatujawahi kuomba kuviona. Anayepokea fulana na elfu tano kutoka kwa mgombea amekwisha kuliuza swali lake, na mwaka kesho hatakuwa na kinywa cha kuliulizia.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, pamoja na kamati za Haki na Amani za parokia, ziyajadili maswali haya matatu kabla ya siku ya kupiga kura, bila kutaja wala kupigia debe chama chochote. Mgombea akija, aulizwe na majibu yaandikwe. Daftari hilo litunzwe miaka mitano, na atakaporudi lifunguliwe mbele yake.

Tuwaombee marehemu wa Nyandolwa pumziko la milele na familia zao faraja. Na tuiombee nchi yetu uchaguzi wa haki na amani.